Siku za Rubondo: msitu uliozungukwa na ziwa

Alhamisi, Mwanza

Gari lilikuwa bado gereji, na fundi alishatoa yale maneno yao ya "saa tisa hivi utalichukua", nikajua safari ya Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, ni kesho. Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Tabora na hajawahi kupanda chombo chochote cha majini, alikuwa ameshavaa viatu anasubiri. Nikampeleka Saanane ili siku isiende bure.

Saanane ni kisiwa kilicho hapohapo mjini. Unapandia boti chini ya Capri Point, na kabla hujakaa sawa umeshafika. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, lakini tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kamili. Zamani ilikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa 1964, na kabla ya bustani hiyo aliishi pale mzee Saanane Chawandi akivua na kulima. Jina limebaki lake. Tulizunguka majabali, tukawakuta pimbi wakiota jua na mijusi wenye vichwa vyekundu wakipiga pushapu juu ya mawe. Swala pala walikuwa kivulini, hawana habari na mtu.

"Mjomba, hawa ni wa hapa au waliletwa?"

Pimbi wa hapa, swala wameletwa. Nilijibu haraka nikadhani yameisha. Kumbe swali lile alilibeba pamoja na begi lake, na kila tulipokwenda alilitoa.

Ijumaa, Mwanza hadi Rubondo

Tuliozoea kivuko cha Busisi tunaijua adha ya foleni: unafika Kigongo asubuhi, unanunua mahindi ya kuchoma, unasinzia kwenye kiti, unaamka kivuko bado kiko ng'ambo. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na dakika chache tu umeshaingia upande wa Sengerema. Mpwa wangu akalalamika kwamba hata picha nzuri hakupata. Sikumjibu. Hajawahi kulala Kigongo huyu.

Sengerema, Geita na pilikapilika zake za dhahabu, kisha Chato. Lami tupu, hakuna cha kusimulia. Geita tuliungana na wenzetu wengine tuliopanga nao, maana kukodi boti peke yako ni kujitafutia deni. Muganza tukaacha barabara kuu tukashuka mwaloni Kasenda, kwenye harufu ya dagaa na moshi wa injini.

Niliseme hili la pesa liishe. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi zetu ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni wa nje, kwa hiyo anayesema Rubondo ni ya Wazungu hajauliza bei. Kinachouma ni mafuta ya boti. Mkiwa kikundi mnagawana maumivu.

Nahodha alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, na jua lilikuwa kali. Alituhesabu, akagawa majaketi ya kujiokolea, akahakikisha kila mmoja amefunga kamba hadi ya mwisho. Hakuna aliyebisha. Mtu wa ukanda huu aliyesikia habari za kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 habembelezwi kuvaa jaketi.

Ziwa lilikuwa tulivu. Baada ya kama nusu saa kile kivuli cha bluu tulichokuwa tunakitazama kikawa miti, miti ikawa ukuta wa kijani, na ukuta ukafunguka kidogo pale Kageye, yalipo makao makuu ya hifadhi. Pongo walikuwa wanakula majani nyuma ya nyumba za watumishi, karibu kabisa na nguo zilizoanikwa. Mhifadhi aliyetupokea alikuwa na mambo mawili ya kutuambia kabla hatujashusha mizigo: tusioge ziwani, maana mamba wapo na kichocho kipo, na usiku tusitoke nje kiholela, maana viboko hupanda kula nyasi za uwanjani. Usiku nilimsikia mmoja chini ya dirisha. Anakula kwa kelele, anang'oa na kutafuna, kisha anapumua kwa nguvu. Mpwa wangu alivuta shuka hadi puani.

Jumamosi, kwa boti kandokando ya kisiwa

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Rubondo ni kisiwa kirefu chembamba, kimelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na visiwa vidogo vimetawanyika pembeni yake. Hifadhi nzima ni kama kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Kwa hiyo anayekuja kutembea kwa miguu tu ameona nusu ya hifadhi.

Ukitazama kutoka kwenye boti unauona msitu kwa mpangilio wake. Mbele kabisa mafunjo, miguu majini. Nyuma yake mikindu imeinama kuelekea ziwani. Kisha, bila nafasi ya kupumua, msitu wenyewe, miti mikubwa iliyosukwasukwa na mitambaazi mpaka huwezi kujua jani lipi ni la nani. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa hivyo.

Kwenye mti mmoja uliokauka mnandi walikuwa wamejaa, mabawa wameyapanua, na mti wenyewe umegeuka mweupe kwa kinyesi chao. Mhifadhi akaeleza kwamba manyoya ya mnandi hayazuii maji kama ya bata, ndiyo maana akishapiga mbizi hana budi kujianika. Furukombe ndio usiseme. Kila baada ya muda kidogo yuko mmoja juu ya tawi, kifua cheupe, na akitaka kuita anatupa kichwa nyuma kabisa hadi unahofia shingo. Tulimwona mmoja akishuka, makucha mbele, akagusa maji kidogo tu, akapanda na samaki anayepigapiga mkia. Watu wa boti nzima tulipiga kelele. Nahodha alitabasamu kwa subira ya mtu aliyeliona jambo hilo tangu utotoni.

Mamba alikuwepo pia, mkubwa, mdomo wazi kwenye mchanga. Aliingia majini kabla hatujamkaribia, na nafasi aliyoiacha ilionekana bado ina joto. Sina mengi ya kusema juu ya mamba. Ukimwona umemwona.

Fisi maji je? Hao nitawasimulia hata nikiombwa ninyamaze. Walikuwa kwenye ghuba ndogo yenye mawe, jike na watoto wake, wanaingia na kutoka majini bila kuchoka. Mmoja alipanda kwenye jiwe na samaki mdogo, akamshika kwa mikono miwili, akaanzia kichwani, akatafuna macho yamefumbwa. Shingoni alikuwa na madoa meupe yaliyotapakaa, na mhifadhi akasema kila mmoja ana madoa yake. Mpwa wangu akauliza, kama ilivyo ada yake.

"Hawa ni wenyeji," mhifadhi akajibu. "Fisi maji, kiboko, mamba, kenge, tumbili, pongo. Na huyu tunayemtafuta sasa."

Tuliyekuwa tunamtafuta ni nzohe.

Nahodha alizima injini mbali, akachukua pondo, akatusukuma taratibu kuingia kwenye mlango wa mafunjo. Tuliambiwa tusiongee. Kwanza tukaona nyayo kwenye tope: kwato ndefu nyembamba, zimeachana sana mbele, urefu wake ni kama kidole changu cha kati na zaidi. Kwato hizo ndizo zinazomwezesha kusimama juu ya matope na mafunjo yaliyolala bila kuzama. Kwenye nchi kavu ngumu zinamfanya aonekane mzembe. Nzohe ni swala aliyeamua maji ndiyo nyumba. Akitishwa anaogelea, na akitishwa zaidi anazama mwili mzima, akabakiza pua tu nje.

Tulingoja. Mbu walipata riziki. Kisha mwanamke mmoja kati yetu akanigusa bega, akaelekeza kidevu. Dume alikuwa amesimama hapohapo muda wote, maji yamemfika tumboni, manyoya marefu ya kahawia iliyofifia yamelowa na kushikamana ubavuni, pembe zimejipinda mara moja kisha zikanyooka na ncha zake kung'aa. Alikuwa anatafuna ncha za mafunjo. Taya inakwenda, inasimama, sikio linageuka, taya inaendelea. Tulimtazama, naye akatutazama. Hakukimbia. Aligeuka polepole, akanyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu, na mafunjo yakamfunga nyuma yake bila sauti.

Mhifadhi anasema Rubondo hakuna simba wala chui, ndiyo maana nzohe wa hapa wana ujasiri wa kutoka kwenye mafunjo na kuingia hata msituni, jambo ambalo kwingineko hawalithubutu. Naamini. Mnyama anayejulikana kote kwa kujificha kwake alinipa dakika nzima ya ubavu.

Wakati wa kurudi nahodha akawa na maneno. Maji haya, alisema, ni mazalio ya samaki. Sato na sangara hukua humu kabla ya kusambaa, na doria huwakamata wenye makokoro wanaoingia usiku. Mpwa wangu akataka kujua kama yeye, mzee, ni wa hapa au aliletwa. Nilitamani kumfinya. Lakini mzee alicheka hadi kofia ikasogea.

"Babu yangu alizaliwa kisiwani humu. Walikuwepo wavuvi na familia zao, wana migomba, wana makaburi. Miaka ya sitini wakahamishwa, wengine visiwa vya jirani, wengine bara. Sisi tulitoka, sokwe wakaingia."

Alisema bila kinyongo, au kama kipo amekizoea. Kisiwa kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Jumapili, msituni

Leo ndiyo siku iliyowaleta wengi wetu, siku ya sokwe. Mhifadhi aliuliza kwanza kama kuna mwenye mafua au kikohozi. Sokwe na sisi tunaambukizana kirahisi, na mafua yanayokupa wewe siku mbili za kupiga chafya yanaweza kummaliza yeye. Mwenzetu mmoja alikuwa anavuta kamasi tangu Geita. Akabaki kambini, akanuna, na nadhani alitendewa haki.

Msitu ule ukiingia unapoteza mwelekeo mara moja. Jua liko juu lakini chini ni kijani kizito, na mitambaazi minene kama mkono wangu inavuka njia, inapanda, inashuka, inajifunga upya. Mhifadhi alisimama penye maganda yaliyotupwa chini. Mabungo! Tunda lilelile ninalolinywa juisi yake nikiwa Zanzibar, hapa linaning'inia kwenye mtambaazi juu ya vichwa vyetu. Ganda lilikuwa limepasuliwa, alama za meno zimebaki ukingoni, na mbegu chache zilizosalia zimenyonywa hadi nyama yake ya rangi ya chungwa imekwisha. Sokwe wa Rubondo, alisema, wanategemea sana matunda ya mitambaazi.

Tulipumzika chini ya mti, na hapo akatusimulia walikotoka. Kati ya 1966 na 1969, Mjerumani mtetezi wa wanyamapori, Bernhard Grzimek, na shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society waliwaachia hapa sokwe 17. Walikuwa wamekamatwa wakiwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakauzwa Ulaya, wakakulia nyuma ya nondo za bustani za wanyama. Wakapandishwa meli, wakarudishwa Afrika, lakini si kwao: Rubondo haikuwahi kuwa na sokwe. Hawakufundishwa kitu. Walifunguliwa milango ya masanduku wakaambiwa, kwa vitendo, msitu huo. Baadhi ya madume waliwashambulia watu na wakapigwa risasi. Waliobaki, ndani ya kama mwaka mmoja, walikuwa wameshajua matunda ya kula na wanajitengenezea vitanda juu ya miti kila jioni, kazi ambayo hakuna aliyewaonyesha huko Ulaya. Wanaoishi sasa ni watoto, wajukuu na vitukuu vyao. Wamezaliwa humu.

Nilikuwa nimekuja na maoni yangu kwamba jambo lile lilikuwa kichaa cha wazee wa zamani, kumwaga wanyama kisiwani kama mtu anayepanda bustani. Bado nina maoni hayo kwa sehemu. Waliletwa pia vifaru weusi 16, na majangili waliwamaliza wote. Korongo, yule swala mkubwa, hakudumu. Twiga wamestawi. Tembo walioletwa walikuwa 6, na leo kinyesi chao kiko kila njia, na miti waliyoibambua magome tuliihesabu hadi tukachoka. Mbega wapo, tuliwaona wakiruka na mikia yao myeupe. Mwaka 2000 wakaongezwa kasuku wa kijivu walionaswa kwenye biashara haramu. Hao hatukuwaona.

Vitanda tuliviona kwanza. Vya jana, majani bado hayajanyauka vizuri, vimekunjwa kwenye panda za matawi juu sana. Kisha sauti. Inaanza chini, huu, huu, inapanda na kuharakisha, na mwisho inapasuka mayowe ambayo mwili wako unayajibu kabla akili haijauliza ni nini. Mpwa wangu alinishika mkono. Mhifadhi akaenda mbele, akarudi, akatupungia.

Tuliona jike lenye mtoto mgongoni likivuka kutoka mti mmoja kwenda mwingine, bila haraka, likipima tawi kwa mkono kabla ya kuliachia uzito. Mtoto alitugeuzia uso, uso wa rangi hafifu na masikio makubwa, akatukodolea. Dume moja chini yao lilitikisa kichaka kwa nguvu, likatuonyesha mgongo, likaondoka. Basi. Hayo ndiyo tuliyopata, labda muda wa kunywa kikombe cha chai. Wawili kati yetu walisikitika kwamba hawakupata picha ya maana. Mimi nawaambia wazi: kama unataka sokwe aliyekuzoea anayekaa mbele yako, nenda Gombe au Mahale. Hapa wako kwao na wewe unachungulia.

Nikizipima siku hizi mbili, ningerudi kwa ajili ya nzohe.

Usiku wa kuamkia Jumatatu

Radi. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku, kila mvuvi anajua, na sababu yake ni rahisi: jua likizama nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, pepo za nchi kavu zinashuka kuelekea ziwani kutoka kila upande, zinakutana katikati juu ya maji ya uvuguvugu, na hazina pa kwenda ila juu. Mawingu yanajengeka humo. Kuanzia saa 8 usiku bati letu halikusikilizana na mtu. Nilifikiria wavuvi wa dagaa walioko nje na taa zao.

Jumatatu, kurudi

Nahodha alikataa kuondoka asubuhi. Mawimbi yalikuwa makubwa, na kijana mmoja wa kwetu mwenye kikao Mwanza alijaribu kumshawishi. "Kikao kitakungoja, ziwa halimngoji mtu," mzee akasema, akaenda kulala. Tuliondoka saa 5, tukakaa kwa woga, tukafika salama.

Kasenda mama mmoja alikuwa ametandaza sangara juu ya meza, wengine wakubwa mno. Nikamwamkia Kisukuma, mwangaluka, akanijibu akanipunguzia bei kidogo. Mpwa wangu akainama kumtazama samaki machoni na kuuliza lile swali lake. Nikamwambia: huyu mgeni, alipandikizwa ziwani miaka ya hamsini, akala furu wa aina nyingi hadi wengine wakatoweka. Na hata ziwa lenyewe lilikauka kabisa, yapata miaka 15,000 na ushee iliyopita, likajaa upya baadaye. Rubondo wakati huo ilikuwa kilima, unaweza kwenda kwa miguu.

Mama akaacha kupara magamba.

"Sangara mgeni? Huyu ndiye aliyenisomeshea watoto watatu. Nunua, kaka, usimtukane."

Tukanunua. Tulimfunga kwenye barafu nyuma ya gari, na kuanzia Chato hadi darajani mpwa wangu alikuwa anaandika kwenye simu orodha mbili, wa hapa na walioletwa, huku akiniuliza tembo waliozaliwa kisiwani awaweke upande gani. Nilimwambia aamue mwenyewe, mimi naendesha.

Kwa anayetaka kwenda: Juni hadi Septemba ni kiangazi, na njia za msituni hazitelezi. Panga kikundi kabla hujapanga tarehe. Beba michembe ya viazi vitamu na karanga, dawa ya mbu, viatu vya kufunga, na siku moja ya ziada mfukoni kwa ajili ya upepo. Siku ya boti usiikatishe ili uwahi sokwe.